Dereva Anuse Kabla ya Kuondoka

Tarehe 3 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu sikupati. Wiki hii nimekupigia mara nne. Mara mbili ulisema uko barabarani, mara moja ukasema mtandao mbovu, na mara ya nne alipokea Mama akaniambia umelala, saa kumi za jioni. Wewe na usingizi wa mchana mmejuana lini? Basi bahasha hii nimempa dereva mwenzako, Spika, aje nayo kwenye lori lake. Nimemsihi asiifungue. Ameapa, lakini unamjua.

Mimi mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, kwa hiyo siku nzima najua jirani amefua nini. Mwambie Mama shuka alizonipa zimefika na mto nimeupata. Kazini wameanza kuniheshimu, au labda wananiogopa, kwa sababu tangu nipandishwe kuwa afisa usalama mimi ndiye ninayeweza kulizuia lori langoni.

Jambo lenyewe ni hili. Nimepewa kazi ya kuandika upya kanuni za madereva wote wa kampuni, ninyi wa bohari ya huko mkiwemo, wanaobeba vimiminika vinavyoshika moto vilivyofungashwa, yaani thina, spiriti, tapentaini, gundi, kila kinachosafiri ndani ya pipa, dumu au kopo. Matangi siyo yangu, yana watu wake. Wanataka ukurasa mmoja wa kubandikwa ndani ya kila lori, na mwisho wa Mei uwe umesainiwa. Unajua chanzo chake. Yule dereva wa bohari yetu aliyeungua mwaka jana nilikwenda kumwona juzi. Kifuniko cha dumu moja tu kililegea, mvuke ukajaa chini ya turubai, naye akaingia kukagua na tochi ambayo swichi yake ilikuwa inatoa cheche. Anaongea vizuri na anacheka. Lakini vifungo vya shati anafungiwa na mkewe.

Nimekuwekea humu kanuni tisa nilizoandika. Nane nimezitoa kwenye vitabu na sheria. Ya tisa nimeitoa kwako: "Kabla ya kuondoka, na kila anaposimama, dereva alizunguke lori akinusa." Nilipokuwa mdogo nilikuwa nasimama kwenye lango la bohari kukungoja, nakuona unalizunguka lori polepole, mikono nyuma, pua mbele. Siku moja ulinyoosha kidole kwenye pipa la tatu mstari wa nyuma, na kweli kifuniko chake hakikuwa kimekazwa. Wenzako wakakuita Pua tangu hapo, nami shuleni nilijigamba mpaka nikachukiwa.

Soma, sahihisha, usinionee huruma.

Mpwa wako


Tarehe 21 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako hapa anasema ule, eti kwenye picha uliyotuma shingo imerefuka. Mimi nimekuona uko sawa ila nimeamriwa niandike hivyo. Fundi wa paa la jikoni amekuja mara tatu, na kila akija panavuja mahali papya. Goti langu linanisumbua nikipanda kwenye kibini cha lori, nikishuka halina neno. Bahasha yako ilifika imebandikwa upya kwa gundi, na Spika alinipongeza kwa kanuni zako kabla sijazisoma.

Nimezisoma kwa miwani ya Mama, maana yangu nimeikalia. Ni nzuri. Umeandika kama mtu aliyewahi kusimama juani akingoja mzigo upangwe, siyo kama wale wanaotuandikia wakiwa chini ya feni. Nina machache ya kuongeza.

Ya tatu, karatasi za mzigo zikae kibinini. Sema zikae wapi. Wengine huziweka chini ya kiti pamoja na viatu, na likitokea la kutokea zimamoto hana muda wa kufukua viatu vyako ndipo ajue umebeba nini na kiasi gani. Ziwe kwenye mfuko wa mlango. Ya nne, madumu yasimame na vifuniko viwe juu. Wapakiaji wanapenda kulaza moja la mwisho ili litoshe. Andika wazi kwamba halilazwi, kama halitoshi libaki. Ya tano, asipakiwe abiria. Ongeza "hata kama ni mama mkwe", kwa sababu hapo ndipo wanaume hulegea. Ya sita, mzigo huu usichanganywe na vyakula. Niliwahi kukataa magunia manne ya unga juu ya thina, na mwenye unga hanisalimii hadi leo. Ya saba, vibandiko vyekundu vya alama ya moto vitazame nje. Nimeona chaga nzima za madumu zimepangwa na vibandiko vimetazamana vyenyewe kwa vyenyewe, sijui vilikuwa vinaonyana nini.

Ya tisa ifute.

Mama anasema pia uoge maji ya moto, eti huko kuna baridi.

Mjombako


Tarehe 2 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo tena. Naoga maji ya moto, nakula, shingo ni ileile niliyozaliwa nayo. Nimefurahi mpaka nimesoma barua yako kwa sauti ofisini, kasoro ile ya mama mkwe, kwa sababu meneja wetu yuko kwenye vita na wa kwake. Karatasi kwenye mfuko wa mlango nimeweka. Dumu halilazwi nimeweka.

Sasa hiyo ya tisa. Umeandika maneno matatu ukarukia maji ya kuoga. Nikikufahamu hivi ninavyokufahamu, ungekuwa na sababu ungenijazia ukurasa. Umechoka kusifiwa? Au unaona aibu kuwekwa kwenye karatasi ya kampuni? Kama ni aibu, umechelewa. Meneja ameipenda kuliko zote nane. Anasema zile nyingine zinataka karatasi na vifaa, lakini pua kila dereva anayo na haihitaji betri. Amependekeza uje hapa mwezi wa nne uwaonyeshe madereva wetu unavyofanya. Watakulaza nyumba ya wageni yenye feni mbili.

Niambie ndiyo, Mjomba. Wewe na Mama mlinichukua nikiwa na miaka sita, na hakuna kazi yangu hata moja uliyowahi kuiona kwa macho. Nataka uje uone.

Mpwa wako


Tarehe 2 Aprili

Mpwa wangu,

Tumshukuru Mungu, hatujambo. Samahani kwa kukawia, kazi ni nyingi. Paa limepona. Mama anakusalimu.

Kuja sitaweza. Ni goti.

Badala ya ile ya tisa weka hii. Kifuniko kikishakazwa, dereva achore mstari mmoja wa chaki kutoka kwenye kifuniko hadi kwenye shingo ya pipa. Kifuniko kikizunguka hata kidogo njiani, mstari unakatika na unauona kwa macho. Kisha akisimama apitishe kitambaa cheupe kuzunguka kila kifuniko. Kikirudi na unyevu, pipa linavuja. Ni kazi ya robo saa kwa mzigo wa kawaida. Dereva atanung'unika, mwache anung'unike.

Pua si kifaa, mwambie meneja wako hivyo. Leo una mafua, kesho una vumbi. Sheria haiwezi kumwamuru mtu anuse.

Mjombako


Tarehe 10 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sina habari za nyumbani leo, nitaandika moja kwa moja.

Spika amenieleza kuhusu tarehe 12 ya mwezi uliopita. Si kwamba alitaka kukusema. Alikuwa ananisimulia habari ya foleni ndefu ya mzani na mdomo ukamponyoka, maana mdomo wake hauna breki. Alisema ulikuwa na mapipa ya spiriti. Alisema mlisimama kwenye kituo cha ukaguzi baada ya saa ya kwanza, ukalizunguka lori mikono nyuma, ukaitikia kwa kichwa, ukaandika kwenye karatasi kwamba mzigo ni salama, mkaendelea. Kwenye mzani lori lake lilikuwa nyuma ya lako. Alipofungua dirisha ilimpiga harufu mpaka macho yakamtoka machozi. Pipa moja kifuniko kilikuwa kimelegea, na ubao wa chini umelowa upande mzima. Wenzako hawakukuripoti, wakasema wao kwa wao kwamba Pua siku hiyo alikuwa na mawazo.

Nilitoka nje, Mjomba, nikasimama kwenye uwanja wa kupakilia nisijue natafuta nini.

Kisha nikampigia Mama. Nilimuuliza kama unaumwa. Nikasikia sufuria zikipangwa mahali ambapo tayari zilikuwa zimepangwa. Halafu akasema, "Muulize mwenyewe, mimi niliahidi."

Kwa hiyo nakuuliza. Umenifundisha mstari wa chaki, jambo ambalo miaka yote ile sikuwahi kukuona ukilifanya. Mtu mwenye pua kama yako ana haja gani ya kitambaa cheupe?

Mjomba, unanusa?

Mpwa wako


Tarehe 25 Aprili

Mwanangu,

Hapana.

Nimeanza barua hii mara tano. Nne zimekwenda kuwashia jiko. Mama yako amesema nisipoimaliza hii ataiandika yeye, na mwandiko wake unaujua, usingesoma hata mstari. Kwa hiyo nivumilie.

Ni miaka miwili sasa. Unakumbuka yale mafua yaliyonilaza wiki tatu, ukatuma dawa ya kikohozi? Kikohozi kiliisha, homa ikaisha, pua haikurudi. Mwanzoni nilidhani imeziba. Nikajifukiza, nikapenga, nikangoja. Siku moja nilikuwa nimekaa jikoni nasoma gazeti, sufuria ya maharage iko mbele yangu kwenye moto. Mama yako aliingia mbio kutoka kwa jirani wa tatu, amefunika mdomo kwa khanga, moshi umejaa hadi sebuleni. Nilikuwa nimeona moshi, nikadhani ni mvuke. Maharage yamekuwa mkaa, nami nimefika ukurasa wa michezo. Siku hiyo nililia, na yeye akalia, na ndipo nilipomwapisha asimwambie mtu. Usimlaumu. Amebeba mzigo ambao haukuwa wake.

Utauliza kwa nini sikusema. Nimejiuliza hilo kuliko utakavyoniuliza wewe. Kila tunapohuisha leseni daktari anapima macho, anapima masikio, anagonga goti, anasaini. Hakuna hata siku moja aliyoniuliza kuhusu pua. Nikajipa moyo kwamba kama sheria haiulizi, basi haihitaji. Halafu kuna hili jina. Mtu anaitwa Pua kwa miaka kumi na minane. Meneja akiwa na wageni ananionyesha kwa kidole. Nikifika kwenye lori wanaacha maongezi. Ningesimama wapi niwaambie kwamba mimi sasa ni Pua jina tu?

Tarehe 12 Machi haijanitoka hadi leo. Spika hakukuambia kwamba mbele yangu kwenye foleni ile kulikuwa na basi la wanafunzi. Nilipoona ule ubao umelowa, nilikaa chini palepale, wakadhani ni goti. Tangu kesho yake nikanunua chaki na kitambaa. Nimechora kila kifuniko cha kila safari. Lakini kila nikimaliza kuchora nazunguka tena mikono nyuma, pua mbele, nikijifanya, kwa sababu ndicho wanachongoja kukiona.

Ulipoleta ile kanuni ya tisa nilijisikia kama nimevuliwa nguo barabarani, na aliyenivua ni wewe, tena kwa upendo.

Wewe ndiye unayesaini sasa. Sitakuomba ufiche. Nakuuliza tu utafanya nini, ili nijue.

Mjombako


Tarehe 30 Aprili

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimekaa kitandani na viatu. Kwanza nimelia. Kisha nikakukasirikia, hasa kwa lile basi. Kisha nikakumbuka kwamba wakati wa yale mafua mimi nilituma dawa ya kikohozi na sikuuliza tena. Miaka miwili sikuuliza mjomba wangu amepona vipi. Nilikuwa na shughuli nyingi za usalama wa watu.

Sitamwandikia meneja wenu. Utamwambia wewe. Nimeona kwenye ratiba kwamba tarehe 20 Mei kuna kikao cha madereva wote hapo kwenu, na kanuni zitasomwa siku hiyo. Simama useme mbele yao, siyo chemba kwa meneja, kwa sababu wao ndio wanaokufuata nyuma ya lori. Usiposema, tarehe 21 nitasema mimi, na itaniuma maisha yangu yote lakini nitasema. Nimemwona yule wa vifungo vya shati, Mjomba. Siwezi kurudi nikamtazama.

Na kuanzia leo usiendeshe mzigo huu hata pipa moja kabla hujasema. Goti unalo, litumie. Ni uongo wa mwisho ninaokuruhusu.

Kanuni ya tisa nimeifuta. Mahali pake kuna chaki na kitambaa, maneno yako vilevile ulivyoyaandika, pamoja na ile ya kunung'unika, kwa sababu meneja wangu ameipenda. Pua haimo kabisa. Hata ingekuwa nzima nisingeiweka tena.

Najua unaogopa kwamba ukishasema hutakuwa na la kufanya wala la kuitwa. Mimi sikukujua kwa pua. Nilikujua kwa mtu aliyekuwa anarudi, kila safari, mpaka nikaacha kuhesabu siku nikiwa na miaka saba, kwa sababu nilikuwa na hakika. Nataka uendelee kurudi.

Mwambie Mama ahadi yake imekwisha, apumzike.

Mpwa wako


Tarehe 23 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako anapumzika kiasi kwamba tangu Jumatatu ameshawasimulia majirani watatu. Anakusalimu sana na anasema shingo imerudi kuwa ya kawaida.

Nilisema.

Tulikaa kwenye ghala tupu, kwenye mabenchi ya wapakiaji, madereva kumi na mmoja bila kunihesabu mimi. Meneja alisoma kanuni zako. Alipofika ya tisa akasema hii imetoka kwa Pua wetu mwenyewe, akaniomba nisimame nieleze. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri tangu nyumbani. Yote yalipotea. Nikasema, "Jamani, sinusi chochote. Ni mwaka wa pili. Lile pipa la mwezi wa tatu sikulisikia."

Spika alikuwa amekaa mbele, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na la kusema. Nikadhani watacheka. Nikadhani mmoja atauliza kuhusu basi, na ningemjibu.

Halafu yule mzee tunayemwita Bawabu, aliyeanza kazi hii kabla yangu, akanyoosha mkono kama mtoto wa darasani. Alisema yeye ni mwaka wa sita. Hakuugua kitu, harufu zilipungua tu kidogo kidogo, ya sabuni, ya mvua, ya spiriti, mpaka akazoea. Meneja akamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba hakuona sababu, maana Pua alikuwepo. Kisha mkono mwingine, wa kijana ambaye hajamaliza miaka kumi kazini. Kisha wa tatu. Meneja akasema kila ambaye ana shida hiyo anyooshe, hakuna atakayefukuzwa leo. Walinyoosha sita, mwanangu. Sita katika kumi na mmoja, na mimi wa saba. Ni huu mvuke tunaoupumua miaka yote, daktari amesema hivyo jana, ametupima kwa chupa na vitambaa. Wengine yawezekana ikarudi kama watakaa mbali nao. Mimi amesema tusubiri, lakini uso wake nimeusoma.

Kuhusu kazi, nimeondolewa barabarani. Nasimamia kupakia, na hakuna lori linalotoka bila kifuniko kuchorwa mbele yangu. Tumepewa barakoa zenye kichujio. Wanaendelea kuniita Pua. Nimewaambia waache, wamekataa. Nalala vizuri. Sikujua kama nilikuwa silali mpaka nilipolala.

Lakini kuna jambo moja nimelijua pale kwenye benchi na sijamwambia mtu, hata Mama. Nakuandikia wewe kwa sababu utaandika kanuni nyingine, na utaelewa.

Miaka yote miwili, kila nilipolizunguka lori, walikuwa wanasimama kimya wananitazama mimi usoni. Nikiitikia kwa kichwa, wanajua hakuna harufu, wanapanda wanawasha. Walinieleza hivyo wao wenyewe, mmoja baada ya mwingine.

Na mimi, mwanangu, nilipokuwa nazunguka mikono nyuma, sikuwa natazama mapipa. Nilikuwa nawatazama wao. Nilikuwa natafuta kama kuna hata mmoja aliyekunja uso. Nikiona wote wametulia, ndipo naitikia.

Mjombako